Jani la Mwaka Jana

Kwenye bustani ya miche nilikokuwa nafanya kazi, kando ya barabara ya Shinyanga kabla hujaingia Buhongwa, makangaga yalikuwa mali ya harusi. Kangaga ni mmea usiotoa ua wala mbegu, majani matupu yaliyochanika pembeni kama manyoya ya kuku, na wapambaji wa kumbi walikuja kuyachukua wakiwa na ndoo. Kwa hiyo mama mmoja mtu mzima alipoingia mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, akafungua pindo la kitenge na kutoa jani la kangaga lililosinyaa, nilidhani ana binti anayeolewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hili unalijua?"

"Kangaga hilo."

"Kangaga naliona. Nauliza ni kangaga gani."

Sikujua kama yako ya aina nyingi. Nilikuwa na miezi michache tu pale. Kabla ya hapo nilishabeba mizigo kivukoni, nikaanika dagaa, nikachoma mawe Ilemela, nikaosha mchanga wa dhahabu upande wa Geita, na kila kazi niliiacha siku nilipoona nimeielewa. Shule niliiacha darasa la sita, kwetu Sengerema, lakini kuuliza sijaacha. Mtu akiniachia swali nisilolijua silali vizuri.

Nikampelekea jani bosi wangu, mwenye bustani, mama mjane wa Kihaya aliyetoka Kagera. Aliligeuza, akalinusa, akacheka.

"Hili si la dukani. Hili la porini, la kwenye miamba. Nyie Wasukuma jani mkiliona mnatafuta ng'ombe wa kulila, leo mnauliza jina?"

"Sisi tunauliza kwanza kama linalika," yule mama akamjibu, "ndiyo tunamwita ng'ombe."

Wakacheka wote wawili. Lakini niliona yule mama anacheka kwa mdomo tu. Mikono yake ilikuwa inalikunja tena lile jani polepole, kama mtu anayekunja cheti cha hospitali ambacho hataki kukisoma mara ya pili.

Alirudi wiki iliyofuata, akazunguka kwenye miche, akaondoka. Alirudi tena. Siku hiyo bosi alikuwa ameenda mjini kununua viriba vya kuoteshea miche, na mimi nilikuwa peke yangu nachekecha udongo. Akaniuliza nimezaliwa wapi, nina mke, nakaa wapi. Nikamwambia ukweli: ng'ambo, sina, na popote.

"Kumbe mpita njia," akasema. "Basi wewe nitakwambia."

Mtoto wake wa kwanza alimzaa akiwa msichana mdogo, kwenye mji wa wakwe zake juu ya mlima Ilemela, enzi hizo nyumba zilikuwa bado hazijapanda kwenye mawe. Mtoto alikufa siku ileile. Kwa desturi ya mji ule, mtoto aliyekufa hajapewa jina hakuwa msiba. Wanawake wazee walimtia kwenye chungu, wakamzika mahali penye unyevu, mama mtu akiwa amefungiwa ndani. Mama haonyeshwi kaburi. Mama halii, maana akilia anafunga kizazi. Na watoto wanaozaliwa nyuma hawaambiwi kamwe kwamba walitanguliwa, wasije wakafuatwa.

Miaka ikapita. Mama mkwe wake, alipokuwa kitandani anakata roho, alimwita akamwambia kwa sauti ya chini: "Chini ya lile jiwe lililolaliana na mwenzake, kwenye ufa. Nilipanda kangaga juu yake. Lile lisilokauka kiangazi." 

Tangu siku hiyo alikuwa anapita pale kila kiangazi. Mlima wa Ilemela mwezi wa nane unakuwa kijivu mtupu. Nyasi zimekufa, makangaga yote ya kwenye miamba yamejikunja kama tumbaku. Ndani ya ule ufa alikuwa anaona shada moja la kijani. Hakuligusa, hakulipalilia. Alisimama kama mtu anayetafuta kuni, kisha akaendelea na safari yake.

Sasa mume alikuwa amekufa, na mwanawe, aliyezaliwa nyuma, alikuwa amewauzia watu wa kokoto ule mlima na kumhamishia mama yake kwenye nyumba mpya Buhongwa. Hakuwa mtoto mbaya. Kwake yale yalikuwa mawe.

"Si umwambie, mama?"

"Haambiwi."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka mche wa kangaga lile kabla hawajachoma lile jiwe. Niupande nitakapokaa. Sina kitu kingine chake."

"Basi kesho naenda na koleo."

Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Usichimbe. Ukichimba utamfikia."

Kuchoma jiwe naijua. Unalaza magogo na matairi chakavu juu ya mwamba, unawasha, unaacha moto ule usiku na mchana mpaka jiwe lenyewe linalia. Linalia kweli, mlio mfupi kama mfupa unavunjika. Likishalia linajitoa magamba, unalipiga nyundo, linakubali. Wenye kuponda kokoto wanakaa chini ya miavuli iliyochakaa wanavunja yale magamba hadi yawe saizi ya ndimu. Moshi wa matairi unaingia kwenye makohozi na hautoki. Kitu chochote chenye mizizi kwenye mwamba ule, na kwenye mwamba wa jirani, kinakufa siku ya kwanza.

Tulipanda mlima Jumamosi moja, mimi na yule mama, yeye akiwa na kikapu cha kudanganyia. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu, na kingo zake nyekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka yote. Jiwe tulilipata: mwamba mmoja mkubwa umelalia mwingine, katikati ufa mpana wa kuingia mtu akilala kifudifudi. Lakini ilikuwa masika. Ufa wote ulikuwa umejaa kijani, makangaga ya kila namna, yamebanana toka mdomoni mpaka gizani.

"Ni lipi, mama?"

Aliinama, akatazama muda mrefu. "Kiangazi ningekuonyesha kwa kidole. Sasa hivi yote yamevaa sare. Hata lile jani nililokuletea nililichuma la mdomoni tu, kwa kubahatisha."

Nilichuma jani moja moja la kila aina, nikampelekea bosi. Sikumwambia sababu, nilimwambia tu natafuta lile ambalo halikauki kiangazi. Aliyapanga mezani kama karata.

"Jani peke yake halikwambii," akasema. "Rudi ukatafute jani la mwaka jana. Kangaga linalokauka huwa linaanza upya mvua ikija, kwa hiyo majani yake yote ni rika moja. Lisilokauka halitupi la zamani mpaka jipya likue. Utaona jani jeusijeusi, gumu, wadudu wamelila, limelala chini, na juu yake machanga. Ukiona rika mbili kwenye shina moja, ndilo hilo."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu, kwenye migomba, huko kwetu. Alikuwa anayafunikia ndizi. Halafu acha kuniuliza, maji yameisha kwenye pipa."

Nilirudi peke yangu. Niliingia kwenye ufa kwa tumbo, nikainua shada moja baada ya jingine. Yale ya mdomoni yalikuwa laini, yote ya mwezi mmoja. Ya katikati vilevile. Mwisho kabisa, mahali ambapo mwamba wa juu unakaribia kugusa udongo, mkono wangu ulikuta kitu kinene, shina fupi lililojaa magamba ya kahawia kama maganda ya kitunguu. Machanga yalikuwa yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Chini yake palikuwa na majani mawili ya kijani kizito, magumu kama ngozi ya ngoma, yametobolewatobolewa. Ya mwaka jana. Hapakuwa na jingine la namna ile kwenye ufa mzima.

Nilifurahi, sitasema uongo. Nililala pale kifudifudi, juu ya kaburi la mtoto, nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Kwa kuwa nilikatazwa kuchimba, njia iliyobaki ilikuwa moja. Chini ya jani la kangaga kuna vidoti, vimepangwa mistari, na kwenye lile kila kidoti kilikuwa na kifuniko kidogo chenye umbo la haragwe. Nilivitazama kwa kioo cha kukuzia nilichoazima kwa fundi saa wa mjini. Ndani ya vidoti ndimo mnamokaa vumbi ambalo kwa kangaga ndiyo mbegu. Bosi alinieleza: vidoti vikiwa vyeupe havijaiva, vikiwa rangi ya risasi vimekaribia, vikianza kuwa kahawia unachuma jani, unalilaza kwenye karatasi, kesho yake unakuta vumbi limechora jani zima kwenye karatasi. Unalinyunyizia kwenye kipande cha tofali lililomwagiwa maji ya moto kuua ukungu, unafunika na chupa ya maji iliyokatwa. Baada ya wiki nyingi unaona ngozi ya kijani. Baada ya miezi, jani la kwanza, dogo kuliko ukucha.

"Nani anaolewa mwakani?" aliniuliza. "Maana kwa mwendo huo, harusi ya mwaka huu haiwahi."

Vidoti vyangu vilikuwa vyeupe.

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa jambo lenyewe. Mvua ikiendelea, kuni na matairi havishiki moto, na jiwe linapona. Lakini mvua ikiendelea vumbi haliivi. Jua likitoka, vidoti vinaiva, na kuni zinakauka. Sikuwa na cha kuombea. Yule mama alikuwa anaenda misa kila asubuhi, na siku moja nilimuuliza anamwomba Mungu nini, mvua au jua. Alisema anasali rozari tu, hataji.

Nikawa napanda mlima kila nikipata nafasi. Nalala kwenye ufa, natoa kioo cha fundi saa, natazama, natoka. Wachoma mawe walikuwa kwenye mwamba wa jirani wakisubiri mvua iishe. Kiongozi wao nilikuwa nimewahi kuchoma naye mawe, mtu wa utani mwingi na kifua kibovu.

"Oya, profesa wa darasa la sita! Unasoma nini humo ndani?"

"Kangaga."

"Kangaga na kioo cha saa?"

"Naangalia vidoti."

"Vidoti." Akawageukia wenzake. "Jamani, anasema vidoti."

Walicheka, na mimi nikacheka. Sikumwambia zaidi, siri haikuwa yangu.

Mtu asiyekaa Mwanza atashangaa kilichofuata, lakini sisi wa mawe tungeweza kukitabiri. Kila anayechimba au kuvunja mwamba huku amesikia kwamba Wajerumani, walipokuwa wanakimbia vita, walificha mali chini ya mawe na kuacha alama. Alama yenyewe kila mtu anaisema kivyake: msalaba uliochongwa, jiwe lililogeuzwa, mti usio wa pale. Nimeona watu wazima, wenye familia, wakichimba mwezi mzima chini ya mwamba kwa sababu mtu mmoja mgeni alionekana anaupiga picha. Sasa hawa wamemwona mwenzao wa zamani, aliyeacha kazi ghafla, anaingia kwenye ufa na kioo cha kukuzia, anatazama mmea ambao kiangazi chote unabaki kijani wakati mingine imekufa, halafu anawaambia anaangalia vidoti.

Mvua ilikatika mwishoni mwa mwezi wa tano. Vidoti viligeuka rangi ya risasi. Siku iliyofuata vilianza kuwa kahawia kwenye ncha. Nikamwambia yule mama tutachuma Jumapili, akitoka misa ya kwanza, kwa sababu Jumapili hakuna anayefanya kazi mlimani. Alikuja amevaa kitenge kipya. Mimi nilikuwa na bahasha safi mfukoni.

Tukiwa bado chini tulisikia mtaimbo. Mlio wa chuma kwenye jiwe, mmoja, kisha mwingine. Yule mama alisimama.

"Leo si Jumapili?"

"Jumapili, mama."

Alianza kupanda mbio, kwa miguu ile yake.

Walikuwa wanne. Mwamba mdogo uliokuwa mbele ya ufa walikuwa wameusukuma kando kwa mitaimbo, ufa umekuwa uwanja, na katikati shimo linalofika kiunoni. Makangaga yote yalikuwa yametupwa juu ya kifusi, mizizi juu. Kiongozi alikuwa ndani ya shimo, na mbele yake, kwenye udongo mweusi, ulionekana mdomo wa chungu.

"Profesa!" akaniita. Hakuona haya hata kidogo, alikuwa na furaha ya kugawana. "Umekuja wakati wake. Si ungesema tu, tungechimba wote?"

"Acheni hicho," nikasema. "Toka humo."

"Na wewe una haki yako, usijali."

"Mjerumani gani anaweka mali kwenye chungu cha Kisukuma?" mmoja wao akauliza, akacheka peke yake.

Kiongozi akapiga ncha ya mtaimbo. Chungu kilipasuka vipande vikubwa, vikaanguka pembeni, na kilichokuwa ndani kikabaki kimesimama. Ilikuwa mizizi. Shina la kangaga lilikuwa limeshusha mizizi yake ndani ya chungu na kukijaza chote, nyuzi nyembamba za kahawia zimebanana zikachukua umbo lake, tumbo la chungu na shingo ya chungu. Waliichambua kwa vidole. Walitafuta dhahabu, zebaki ya Mjerumani, hata sarafu. Mlikuwa na mizizi na udongo, basi. Chochote kilichokuwa kimewekwa mle, mmea ulishakimaliza.

Furaha yao iliisha, na pale ilipoishia ikaingia hofu. Watu wanne wamefukua chungu chenye udongo tu, kilichozikwa makusudi, chini ya mmea ambao haufi. Mmoja wao akainua macho akamtazama yule mama, aliyekuwa amekaa chini kwenye kifusi, macho yake mekundu.

"Huyu bibi mimi namjua," akasema. "Huwa anakuja hapa. Tangu nikiwa mdogo, kiangazi, anasimama hapahapa, hafanyi kitu. Anasimama tu."

"Nyie, yule ni mama wa watu," nikasema.

"Nimeuliza kama ni mama wa watu? Nasema anasimama. Mwaka ule ng'ombe wetu wanakwisha, alikuwa anasimama."

Lile neno, mchawi, hakuna aliyelitamka kwa sauti. Halikuwa na haja. Mtu wa huku anajua bibi mwenye macho mekundu akishaitwa hivyo inaishia wapi, na mara nyingi haihitaji hata kufika kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilianza kutazama njia ya kushuka, nikipima kama naweza kumbeba. Kiongozi alikuwa ametoka shimoni, ameshika simu.

"Njoo uone ulichotuuzia," alimwambia mtu wa upande wa pili. Alikuwa anampigia mtoto wa yule mama.

Alifika na pikipiki, shati la kanisani, viatu vimeng'arishwa. Aliwasalimia wale watu, ndipo akamwona mama yake.

"Mama? Unafanya nini hapa?"

 Wale wanne ndio walimjibu, wote kwa pamoja: chungu, mmea, kusimama, ng'ombe. Alisikiliza. Alitazama vigae, akatazama ule mzigo wa mizizi wenye umbo la chungu, kisha akayatazama macho ya mama yake. Na mguu wake mmoja ukarudi nyuma. Ulikuwa mguu mmoja tu, lakini mama yake aliuona, pamoja na ukungu wote ule wa macho.

"Mama," akasema, "hii ni nini?"

Nikafungua mdomo. Yule mama akaninyooshea kiganja, ninyamaze.

"Ni mkubwa wako," alisema.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Ikabidi aeleze, na alieleza kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi: nilizaa, akafa, bibi yako akamzika hapa, sikutakiwa kukwambia. Alikuwa anaongea akitazama chini. Yule aliyetaja ng'ombe alivua kofia. Mwingine aliulaza mtaimbo kwenye udongo bila kutoa mlio.

"Pole, mama," kiongozi akasema. "Sisi tulidhani..." Akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akageuka pembeni.

Mtoto wake aligeuka. Alienda akasimama kwenye pikipiki, mgongo kwetu, akishika usukani kama vile pikipiki inatembea. Baadaye akasema, "Mama, panda twende." Mama hakuinuka mpaka mimi niliposhuka shimoni nikaunyanyua ule mzigo wa mizizi na kukusanya majani yaliyotupwa. Alivua kitenge cha juu, akautandia, akaufunga, akaukalisha mapajani.

"Mbona mwepesi," alisema.

Jiwe lilichomwa wiki ileile. Lilikuwa limeshauzwa, na aliyelinunua hakuwa mmoja wa wale wanne bali mtu wa juu yao, ambaye habari za chungu alizipata kama kichekesho.

Buhongwa kangaga halikukaa. Mke wa mwanawe hakumtukana mama mkwe, hapana; alisema tu uani kwake wanacheza watoto, na hataki wacheze karibu na kitu hicho. Majirani nao walikuwa wameshasikia, kila mmoja kwa namna yake. Mama mmoja wa nyumba ya pili aliacha kuchota maji kwenye bomba lao. Kwa hiyo kifurushi kililetwa bustanini kwetu na bodaboda, bado kimefungwa kwenye kitenge. Bosi wangu nilimwambia yote siku hiyo. Hakutania. Alikata pipa katikati, akachanganya majani yaliyooza, vipande vya mkaa na mchanga wa ziwani, akaipanda ile mizizi bila kuipasua, kichwa cha shina kikiwa juu ya udongo, chini ya neti, mahali ambapo jua halifiki.

Yale majani mawili ya mwaka jana yalikufa kwanza. Kisha machanga, yaliyokuwa yamepondwa na mawe, moja baada ya jingine. Mwezi wa saba lilibaki shina tupu, na mtu angeapa kwamba hili nalo ni la kukauka kama mengine. Vumbi la yale majani niliyookota, nililolinyunyiza kwenye tofali la kwanza, lilishikwa na ukungu, nikalitupa. La pili lilitoa ngozi nyembamba ya kijani, ambayo mpaka leo ninapoandika haijawa jani. Yule mama alikuwa anakuja, anageuza ndoo, anakaa karibu na pipa. Siku nyingine alikaa toka asubuhi hadi tunafunga. Kulia sikumwona analia. Aliniambia amejaribu, haitoki.

Kiangazi kikiwa kikali, shina lilitoa mkia mmoja wa kinyonga.

Mwanawe alikuja siku chache baada ya hapo, peke yake, mchana ambao mama yake hakuwepo. Nadhani aliuvizia mchana huo. Alizunguka kwenye miparachichi kama mteja, akafika kwenye neti.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

Alisimama. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya kujaza mlango, na alikuwa hajui mikono yake aiweke wapi.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" aliniuliza.

"Muulize mama."

"Siwezi. Tunakula pamoja kila siku, neno linafika hapa, linarudi." Aligusa koo. "Wewe alikwambia mambo mengi. Niambie."

Nilikuwa najua jibu. Nililipata siku moja yule mama akiwa kwenye ndoo yake, bila mimi kuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Alisikia kilio mara moja, nyuma ya pazia. Kisha kimya, na wanawake wakatoka nje. Aliwauliza, wakamwambia anywe uji. Aliendelea kuuliza miaka mingi, na kila aliyekuwepo alikufa bila kumjibu.

"Hata yeye hajui," nikamwambia. "Hakuonyeshwa."

Alichuchumaa karibu na pipa. Barabarani malori ya Shinyanga yalikuwa yanapita, vumbi linaingia mpaka kwenye neti. Mwishowe akauliza linamwagiliwa maji wakati gani. Nikasema hata sasa. Nikampa kopo, nikamwonyesha amwagie pembeni, kwenye udongo, siyo juu ya kichwa cha shina, kikilowa kinaoza. Alimwaga pembeni, polepole, akizunguka pipa lote. Kisha akalirudisha kopo mahali pake, akapanda pikipiki, akaondoka. Kangaga hakulichukua, na mimi sikumuuliza kama atalichukua.